Makofi yaliyomfunga Mwalimu mdomo

Kisa hiki kilitokea Kalisizo, mji mdogo wa barabarani kati ya Kyotera na Masaka, nchini Uganda, jioni ya tarehe 26 Mei. Ilikuwa siku ya sita tangu tuondoke Bukoba, mkoani Kagera, Tanzania, kwa miguu kwenda Namugongo, mahali pa hija ya mashahidi wa Uganda nje kidogo ya Kampala. Tulikuwa watu 43. Mimi nilikuwa katibu wa msafara na mbebaji wa sanduku la dawa, kwa hiyo sehemu kubwa ya lawama nitakazozigawa humu inanirudia mwenyewe. Watu nitawaita kwa majina tuliyoitana njiani, basi.

Kwa asiyeijua njia hiyo: Bukoba hadi mpakani Mutukula ni kilometa kama 80, ukivuka mto Kagera pale Kyaka. Mutukula hadi Masaka ni kama 90, na Masaka hadi Kampala ni kama 130. Kisha unapenya jiji lote kutokea Nateete mpaka Kireka na Kyaliwajjala ndipo ufike Namugongo. Jumla inapita kilometa 300. Unaweza kuchagua siku ya kuondoka, ila siku ya kufika huna uchaguzi nayo, kwa sababu tarehe 3 Juni haimngoji mtu. Ndiyo siku waliyochomwa moto Karoli Lwanga na wenzake mwaka 1886 kwa amri ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, na kila mwaka pale Namugongo watu hufurika kutoka Kongo, Rwanda, Kenya na kwetu. Sisi wa Kagera tuna undugu wa pekee na mahali pale, kwa kuwa wamisionari waliofungua misheni ya Kashozi, karibu na Bukoba, mwaka 1892 walitokea Buganda. Dini ilitujia kwa njia hiyohiyo tunayoirudia kwa miguu.

Msafara wetu ulikuwa na sheria moja juu ya nyingine zote: hatuachani. Katekista wetu aliisema kanisani siku ya kuondoka, akairudia Kyaka, akairudia tena tulipopanga foleni ya uhamiaji Mutukula. Mmoja akichoka, wote tunasimama. Hakuna kupanda gari, hakuna kumwacha mtu nyuma. Nani angepinga sheria kama hiyo? Mimi niliiandika kwenye daftari kwa herufi kubwa.

Sasa niwaeleze wawili ambao kisa kinawahusu.

Mwalimu alikuwa mama wa miaka 61, mstaafu wa shule ya msingi, mwana WAWATA (umoja wa wanawake Wakatoliki Tanzania), mwembamba, mwenye sauti ya kukaripia hata anapokusalimu. Nusu ya msafara ilikuwa imepita kwenye chaki yake. Wa pili tulimwita Boda, kijana wa miaka 23 anayeendesha pikipiki ya abiria pale stendi ya Bukoba. Huyu alikiri siku ya kwanza kwamba hajawahi kutembea zaidi ya kilometa tatu tangu apate leseni. Alikuja na raba mpya alizonunua kwa ajili ya safari, kosa ambalo kila mzoefu wa hija analijua, na kabla hatujafika Kyaka alikuwa na malengelenge kwenye visigino vyote viwili. Mwalimu alimtoboa kwa sindano aliyoichovya kwenye spiriti, akabana maji yakatoka, akaiacha ngozi ya juu mahali pake, akamfunga bendeji, akampa kandambili zake za akiba. Tangu hapo wakawa wanatembea pamoja mkiani mwa msafara, yeye akimfundisha nyimbo za zamani za Kihaya, naye akimsimulia abiria wake wakorofi. Urafiki wa njiani ndivyo unavyoanza mara nyingi. Mtu anaona mguu wako ukiwa na hali mbaya, na baada ya hapo hakuna tena kujidai.

Siku ya nne, baada ya kuvuka mpaka, Mwalimu alianza kubaki nyuma sana. Kwa kufuata sheria yetu tulikuwa tunasimama kila baada ya saa moja kumngojea. Watu 41 kando ya lami, juani, malori ya mizigo yakitupitia masikioni. Na alipotokea kwenye kona akiwa na Boda wake, mtu mmoja akapiga makofi. Wengine wakaitika. Ikawa desturi: Mwalimu akionekana, makofi na vigelegele, "Hongera Mwalimu! Jikaze!" Wanafunzi wake wa zamani ndio waliopiga kwa nguvu zaidi. Naye alikuwa akiyasikia anaongeza mwendo hatua 50 za mwisho, anatabasamu, anasema, "Haya, mnangoja nini, twendeni." Hata maji hakuwa anakunywa kwa kutulia.

Niliandika kwenye daftari siku ile: "Mwalimu anatutia moyo sote." Ninalo bado daftari hilo.

Tulichokuwa hatujui ni kwamba Mwalimu ana kisukari. Alikuwa amekigundua miaka kadhaa kabla, na vidonge alikuwa anameza chooni. Miguu yake ilikuwa imeanza kupata ganzi, jambo linalowapata wengi wenye ugonjwa huo: mishipa ya fahamu ya nyayo hudhoofika, mtu akakanyaga msumari asihisi. Lengelenge ambalo wewe na mimi lingetutoa machozi barabarani, kwake lilikuwa kimya. Lilipasuka chini ya kidole gumba cha mguu wa kulia, kokoto na jasho vikaingia, na yeye akawa anaendelea kutembea juu yake. Aligundua usiku wa siku ya nne alipovua soksi na kuona imelowa.

Boda naye aliona. Mwalimu akamwambia, "Mwanangu, usiwaambie hawa. Wakijua watakaa hapa wote wanitazame." Boda akaahidi. Siku nzima ya tano na asubuhi ya sita alitembea na ahadi hiyo shingoni, akambebea mfuko wake, akasingizia visigino vyake ndivyo vinavyowachelewesha. Makofi yalipopigwa aliinama chini.

Kalisizo tuligawanywa kulala kwenye nyumba za waumini na darasa moja la shule. Wakarimu wa njia ile ni watu wa ajabu. Wanakusalimu "Kulikayo," nawe unajibu "Awo," na kabla hujakaa kuna matoke na chai. Hawakuulizi parokia wala kabila; ukiitwa mulamazi, yaani mhujaji, inatosha. Kihaya na Kiganda vinakaribiana kiasi kwamba wazee wetu walikuwa wanapiga soga bila mkalimani, sisi vijana tukichanganya na Kiswahili pale tulipokwama. Mwalimu na Boda, na mimi pamoja na wengine wanne, tulipangiwa kwa mama mmoja muuza nguo za mitumba. Alituletea beseni la maji ya uvuguvugu tuoshe miguu, mmoja baada ya mwingine.

Mwalimu akakataa kuosha. Alisema ataosha mwenyewe baadaye.

Hapo Boda akafanya jambo ambalo hadi leo tunalibishania. Alikuwa ameahidi kutowaambia "hawa", maana yake sisi. Yule mwenyeji hakuwa mmoja wetu. Akamfuata jikoni, akamweleza kwa Kihaya chake kibovu cha mjini na kwa vidole: mama yule, mguu, usaha, vidonge. Mwenyeji hakuhitaji maelezo marefu. Mama yake mzazi alikatwa mguu kwa ugonjwa huohuo. Akatoka, akapima upya maji ya beseni kwa kiwiko chake, akaongeza ya baridi, kwani mtu mwenye ganzi anaweza kuungua asijue. Akapiga magoti mbele ya Mwalimu, akasema, "Nnyabo, nipe mguu." Akasema kwa namna ambayo haikuwa ombi.

Nilikuwa nimekaa mita mbili kutoka pale na sanduku la dawa mapajani. Harufu ndiyo iliyonifikia kwanza.

Usiku huohuo alipelekwa zahanati ya karibu kwa pikipiki. Walisafisha kidonda, wakapima sukari ikawa juu sana, wakampa dawa za kuua bakteria na neno moja lisilo na mjadala: asikanyagie mguu ule. Ukiuacha mguu wa namna hiyo uendelee na barabara, safari inaweza kuishia kwenye chumba cha upasuaji.

Tulikutana saa nne usiku kwenye lile darasa. Nitaeleza kikao hiki kwa kirefu kwa sababu ndipo wema wetu ulipoonyesha ulivyoshonwa, na mshono haukuwa mzuri.

Katekista alianza na sheria. Hatuachani, kwa hiyo tutakaa Kalisizo mpaka Mwalimu apone. Mtu akapiga hesabu: zimebaki kilometa kama 175, tukikaa siku tatu tutakuwa na siku nne tu za kuzimaliza, zaidi ya kilometa 40 kila siku, na tuna wazee wengine watano. Kijana mmoja akasema tumbebe kwa machela tukipokezana. Watu wakalipenda wazo hilo kuliko yote, niliona nyuso zikichangamka. Mwingine akataka arudishwe Bukoba, na nani ampeleke tukapiga kura. Mama mmoja akalia. Ilichukua karibu saa nzima, na katika saa hiyo Mwalimu alikuwa amekaa kwenye dawati la nyuma, mguu juu ya kiti, akitusikiliza kama alivyokuwa akisikiliza darasa la nne likijibu swali la kuzidisha.

Boda ndiye aliyesema, "Yeye mwenyewe hajaulizwa."

Mwalimu hakusimama. Alisema hivi, na nimeyaandika kama yalivyotoka: "Nataka mwende. Mkikaa, nitatembea. Kesho asubuhi nitatembea mbele yenu nyote, kwa sababu siwezi kuwakosesha watu 42 Namugongo. Mkienda, nitapumzika."

Kimya. Katekista akavua kofia, akaivaa tena.

Uchambuzi wangu wa kisa hiki unasimama juu ya maneno hayo, hasa lile "mkikaa, nitatembea". Sheria yetu ya kutoachana ilikusudiwa kumlinda aliye dhaifu. Kumbe ndiyo iliyomfanya asimame juu ya kidonda siku mbili. Kila tuliposimama kumngojea tulikuwa tunamwandikia deni, watu 41 mara nusu saa, na yeye ni mtu asiyependa kudaiwa hata sukari ya jirani. Makofi nayo yalizidisha. Ukishapigiwa makofi kwa kujikaza, utasemaje tena kwamba umeshindwa kujikaza? Tulidhani tunampa moyo, kumbe tulikuwa tumepandisha bei ya kusema ukweli mpaka ikamshinda.

Wapo walioniambia kwamba tatizo lilikuwa usiri wa Mwalimu tu. Angesema mapema ana sukari, yote yasingetokea. Ni kweli, na mwenyewe anakiri. Lakini usiku ule, baada ya kikao, lilitokea jambo linalonizuia kuishia hapo. Watu walianza kuja mmoja mmoja kwenye sanduku langu. Mzee mmoja alikuwa na ukucha uliong'oka tangu Mutukula. Kijana wa kwaya alikuwa amevimba kifundo cha mguu akakifunga kwa soksi mbili ili kisionekane. Mama mmoja alikuwa anaharisha siku ya pili. Na binti wa miaka 19, ambaye hakuja kwangu ila alimtuma mwenzake, alikuwa ametumia vitambaa vya kanga tangu Kyotera kwa sababu taulo za kike zilikuwa kwenye sanduku la dawa, na mwenye funguo wa sanduku ni mwanamume. Wanne hao, pamoja na Mwalimu, ni watano. Hatuwezi kusema wote watano walikuwa wasiri kwa tabia. Msafara wetu ulikuwa mchangamfu, wa nyimbo na kugawana karanga, na ndani yake karibu mtu mmoja kati ya kila tisa alikuwa anaficha kitu.

Lile la binti ndilo linalonichoma zaidi. Nilinunua zile taulo mwenyewe na nikajiona nimefikiria kila kitu.

Kuhusu Boda, kuna wanaosema alivunja ahadi kwa hila, na kuna wanaosema angeivunja siku mbili mapema. Mimi ni wa kundi la pili, ila najua ni rahisi kusema hivyo nikiwa nimekaa. Alikuwa na miaka 23, na aliyemwambia anyamaze ni mama wa umri wa bibi yake. Kilichomsaidia ni kwamba palikuwa na mtu wa nje. Mwenyeji hakuwa na deni wala dai kwa yeyote kati yetu, hakuwa na msafara wa kuuchelewesha, angeweza kusema "nipe mguu" bila mtu kuhesabu kilometa. Nimewahi kudhani wema wa marafiki ni mzito kuliko wa mgeni. Kuna mahali mgeni ana mikono mepesi zaidi.

Asubuhi tuliondoka 41. Boda alibaki na Mwalimu kwa mama wa mitumba. Hakuchaguliwa, alikaa tu kizingitini na mfuko wake na hakuna aliyemuuliza. Nitasema lisilopendeza: tulitembea vizuri. Tulipita Masaka mapema, tukala gonja, yaani ndizi mbivu, za kuchoma pale Lukaya, tukavuka Lwera kwenye ule mnyoofu wa lami katikati ya majimaji usio na mti wa kivuli, na mwendo wetu ulikuwa mwepesi. Hakuna aliyethubutu kulitaja hilo mpaka Kayabwe, pale penye alama ya ikweta, ambapo mzee wa ukucha alisema kwa sauti ya chini, "Alijua tungetembea hivi." Hatukupiga makofi kwa mtu tena.

Katekista alikuwa na desturi ya kutusimulia mashahidi wawili kila siku, maana mashahidi Wakatoliki ni 22 na siku zetu ni 13, siku zinatosha na kubaki. Siku ile ya Lwera ilimwangukia Gonzaga Gonza, ambaye katika safari ya mwaka 1886 kutoka Munyonyo kwenda Namugongo alikuwa amefungwa minyororo iliyomla miguu mpaka akashindwa kutembea, akauawa kwa mkuki njiani. Hakufika Namugongo. Kanisa lilipowatangaza watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964 halikumpunguzia kitu. Nadhani Katekista alikuwa anajibu swali lililokuwa limeanza kunong'onwa mkiani, kama hija ya Mwalimu itahesabika. Hakusema zaidi, akahamia kwa Mukasa Kiriwawanvu na Gyavira, waliokuwa wamegombana vibaya na wakapatana wakiwa tayari wanapelekwa kufa.

Mwalimu na Boda walikuja tarehe 2 Juni kwa matatu kutoka Masaka, kisha pikipiki mpaka karibu na geti. Boda alikaa kama abiria na akalalamikia uendeshaji njia nzima. Mwalimu hakuwa na furaha. Alinisalimu, akasema, "Nimekuja kwa magurudumu kama mzigo," na siku mbili nzima, hata wakati wa misa katika ule umati, alikuwa na uso wa mtu aliyenyang'anywa. Sikumbishia. Alikuwa amefanya mazoezi tangu Januari.

Mwaka uliofuata tulibadilisha mambo kadhaa, na sina hakika yote ni mazuri. Sasa kila jioni kuna ukaguzi wa miguu kwa wote, vijana kwa wazee, Katekista akiwa wa kwanza kuvua viatu, ili asiwepo anayehitaji ujasiri wa kujitokeza. Magonjwa yanaandikwa Bukoba kabla ya kuondoka na kusomwa na mtu mmoja tu, muuguzi mwanamke, ambaye ana sanduku lake mwenyewe. Tunatembea kwa makundi mawili yenye saa tofauti za kufika, na la polepole lina kiongozi wake, halingojewi na halichelewi kwa sababu halikuahidi kuwahi. Na tunachanga nauli ya watu watatu mapema, kabla hatujajua ni nani. Hili la mwisho ndilo lililopingwa zaidi. Mzee mmoja alisema tunapanga kushindwa. Mwaka ule walipanda gari wawili. Mmoja wao alikuwa yeye.

Kilichopotea ni kule kusimama kando ya lami, wote pamoja, tukingoja kona itoe mtu. Nilikipenda. Kundi la polepole likifika jioni sisi wengine tumeshakula, na salamu zinakuwa za haraka. Binti wa taulo, ambaye sasa ndiye msaidizi wa muuguzi, ananiambia nisitamani kitu kwa sababu kilikuwa kizuri kukitazama.

Kidonda cha Mwalimu kilichukua karibu miezi mitatu kufunga. Boda alikuwa anampeleka kubadilisha bendeji kila baada ya siku mbili na kukataa nauli, mpaka Mwalimu alipoanza kuificha ndani ya kofia yake ya pikipiki. Kila Desemba, msimu wa senene, wale wadudu tunaowala kwetu, kuna ndoo ndogo ya plastiki inayokabidhiwa kondakta wa basi la Kampala pale stendi, imeandikwa kwa mwandiko wa ubaoni: Kalisizo, kwa mama wa mitumba. Ndoo hurudi na gonja.